Mahameli Haiulindi Mkufu Wako

Imani hii imeota mizizi majumbani mwetu: kwamba vito hutunzwa na kisanduku cha dukani, kile chenye mahameli nyekundu ndani na kikufuli kidogo nje, na kwamba anayetundika hereni zake kwenye kipande cha wavu wa dirisha hajajaliwa. Nasema wazi kwamba imani hiyo inaharibu vito, na inawatoa wanawake pesa wasizokuwa na sababu ya kuzitoa.

Kinachoua vito, kwanza, ni kugusana. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu, kuanzia 1 hadi 10, na kipimo chake kinatumika mpaka leo. Almasi ina 10. Tanzanaiti yetu ya Mererani iko kati ya 6 na 7. Dhahabu safi haizidi 3, na lulu nayo ni laini. Sasa vimimine vyote katika droo moja ya mahameli, funga, kisha safiri navyo kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kwenye harusi. Almasi itaikwaruza tanzanaiti, tanzanaiti itaichubua lulu, na mikufu itasukana mafundo ya kufunguliwa kwa sindano, mengine mpaka yakatwe. Mafundi wa makasha ya Pwani waliweka vidroo na visehemu vidogo ndani ya kasha kubwa, kila kitu na pake. Kisanduku cha kisasa kimebaki na urembo tu.

Kisha kuna weusi wa fedha. Wengi wakiona pete ya fedha imekuwa nyeusi husema wameuziwa bandia. Si lazima. Salfa iliyomo hewani hushikana na fedha halisi na kuweka utando mweusi juu yake, na unyevu huharakisha kazi hiyo. Anayeishi Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Sufu na mpira navyo hutoa salfa, na hata gundi nyingine hufanya hivyo. Kitambaa cha visanduku vingi vya bei nafuu kimebandikwa kwa gundi, na mnunuzi hana njia ya kujua ni gundi gani. Kitambaa cha pamba kilichokatwa kwenye kanga iliyochakaa, kikafuliwa vizuri na kukaushwa, unakijua kilikotoka.

Basi tazama ulichonacho nyumbani. Fremu ya picha iliyovunjika kioo, pigilia nyuma yake kipande cha wavu wa kuzuia mbu, uvute ukaze kabisa: hereni za ndoana zitaning'inia hapo jozi kwa jozi, na utaona mara moja ipi imepoteza mwenzake. Mwiko wa mbao usiopikia tena, upige vimisumari kwa kuachanisha vidole viwili, uutundike ukutani kwa kulala. Mikufu haitasukana tena. Bangili zivishe kwenye chupa tupu ya glasi. Trei la mayai la kadibodi, jipya na kavu, lina vishimo 30 vya pete na vipini, ila kila kishimo kitandikwe pamba, kwa sababu kadibodi yenyewe yaweza kuitia fedha weusi. Fedha usiyoivaa kila siku iweke kwenye mfuko mdogo wa plastiki unaofungika, pamoja na kipande cha chaki ya shuleni. Chaki hufyonza unyevu. Lulu usiifungie hivyo wala usiitundike: hupenda hewa, na uzi wake hulegea kwa uzito. Ilaze kwenye kitambaa. Na usitumie kamba za mpira popote.

Kidani kipana cha Kimaasai ndicho kinachonitia uchungu zaidi. Shanga zake zimepangwa juu ya waya, duara juu ya duara, kwa siku nyingi za kazi ya mikono ya mwanamke. Hakiingii katika kisanduku chochote cha mahameli, kwa hiyo watu hukikunja na kukibana chini ya nguo, na waya ukishapinda mara kadhaa hukatika. Msumari mmoja ukutani, mbali na jua la dirishani, unatosha kukiokoa.

Nimeshaambiwa: vitu vya ukutani vitaibiwa. Lakini mwizi hahangaiki na kikufuli cha kisanduku. Anakibeba kisanduku chote kwapani na kwenda kukifungua kwake. Dhahabu ya mahari, ile iliyo akiba ya mwanamke siku ya shida, iwekwe kwenye kabati lenye kufuli la kweli au benki, kila kipande kimezungushiwa pamba yake. Hereni za kuendea kazini hazina haja ya ngome. Zinahitaji wavu, msumari na dakika chache za jioni ya leo.