Kinyago cha Sikioni

Wako watu wazima, na miongoni mwao walimu wenye nia njema, washikiliao kwamba mchezo wa redio wa mizimu na mafumbo haufai kusikilizwa na watoto. Husema ya kuwa mtoto aliyesikia mlango ukilia pasipo mkono wa kuufungua hatalala, na asipolala hatasoma. Hoja hii husemwa kwa upole, na kwa hiyo hupita bila kuulizwa. Ipelekwe Newala ikapimwe.

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na hapo ardhi hukatika ghafula mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo mtu hutazama bonde la Ruvuma hata Msumbiji. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe kama Mtandi na Mkomaindo. Mtoto wa huko hakungoja redio imfundishe kuogopa. Babu zake walizijua midimu, watu waliovaa vinyago vya mti wakatoka kucheza, wakisemwa kuwa ni wafu waliorudi. Wanawake na watoto walikimbia. Lakini mvulana alipoingia jandoni alifunuliwa kinyago, akaona kwamba ndani yake mna mtu, pengine jirani anayedaiwa na baba yake. (Siri hii si siri tena: J. A. R. Wembah-Rashid alikwisha kuandika juu ya isinyago na midimu mwaka 1971.) Wazee hawakuona vibaya kumtisha mtoto. Waliona vibaya kumwacha akazeeka na kitisho kile bila ya kumpa ufunguo wake.

Mchezo wa redio ni kinyago cha sikioni. Hauna mti wala rangi. Vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa huwa kwato za farasi, na kimya kifupi huwa mtu asimamaye nyuma ya mlango. Yaliyobaki msikilizaji huyachonga mwenyewe gizani. Mwandishi anayekwenda kuazima ngome ya Ulaya yenye minyororo, ilhali Shimo la Mungu liko pale, ni mvivu tu. Hata Karl Weule, mgeni wa Kijerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, alitambua kwamba sauti za huko zastahili kunaswa, akazichukua kwa fonografu katika silinda za nta.

Tena fumbo la kutisha si geni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipewa tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960. Jina lenyewe latosha kumtoa mtoto jasho. Walakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hauachi mzimu ubaki mzimu; huuliza na kupima hata akamfikia mtu mwenye sababu za kibinadamu. Hivyo ndivyo jando lilivyofanya.

Basi kosa liko mahali pengine, na wapinzani hawaligusi. Iko michezo inayomtisha msikilizaji kisha ikamtupia mchawi, naye kwa kawaida ni kikongwe mwenye macho mekundu. Huko Muidumbe, ng'ambo ya Ruvuma, katika miaka ya 2002 na 2003 simba waliwala watu wengi, na watu wengine wakauawa na majirani zao wenyewe waliodai kwamba simba wale wametengenezwa na binadamu. Uvumi ule haukuhitaji redio. Lakini mchezo unaoishia hivyo huupa uvumi wa namna ile sauti nzuri na muziki.

Wanaotaka kupiga marufuku wausikilize kwanza mchezo hata sehemu yake ya mwisho, waangalie ni nani aliyekutwa chini ya kinyago: mwizi wa magunia ya korosho, au bibi kizee wa jirani asiye na mtetezi.