Namba moja haitoshi kumrusha mtoto darasa

Kila Januari shule zikifunguliwa, wazazi hunijia na ripoti mkononi: "Mwalimu, mwanangu kawa wa kwanza mihula yote. Mrusheni aende la tatu." Nafundisha darasa la pili, na naamini wapo watoto wanaostahili kurushwa. Anayesoma gazeti huku wenzake wakiunganisha silabi, akiachwa hivyo hivyo, huzoea kupata vema bila jasho. Siku somo litakapomshinda, hatajua aanzie wapi.

Lakini kuwa wa kwanza kunaonyesha tu kwamba amewazidi wenzake wa darasa hilo. Pengine tuisheni ya jioni imemtangulizia mada. Mpe kitabu cha la tatu ambacho hajawahi kukifungua, umwangalie. Aliyekaririshwa atakutazama usoni akitafuta jibu. Mwenye kipaji atahangaika, atakosea, atafuta, atarudia. Mwandikishe pia ukurasa mzima. Wapo wanaosoma kwa ufasaha ilhali mkono bado mzito, na la tatu ubao hufutwa upesi.

Terence Tao wa Australia, aliyepata nishani ya Fields ya hisabati mwaka 2006, alipelekwa shule akiwa na miaka mitatu na nusu. Wazazi wake wakamtoa baada ya muda mfupi, maana hakuwa tayari kwa maisha ya darasani. Baadaye walimwendesha somo kwa somo: hisabati na wakubwa, mengine na watoto waliomkaribia umri.

Hilo hata sisi tunaliweza. Walimu wawili wakipanga hisabati kipindi kimoja, mtoto atabeba daftari aende la tatu, kisha arudi kwa wenzake. Baada ya muhula, akimudu na akapata wa kucheza nao kule, ahamishwe moja kwa moja. Akishindwa, abaki asimangwe. Na uamuzi ufanywe mapema, kwa sababu darasa la nne lina upimaji wa kitaifa na halirukwi.

Mzazi mwenzangu, kabla hujaja ofisini, kaa na mwanao umuulize anataka nini. Akikwambia hataki kuwaacha rafiki zake, msikilize na umsubiri mwaka mmoja. Anayekwenda kukaa kwenye dawati lile ni yeye, si wewe wala mimi.