Binti Aketi Penye Drams

Aghalabu katika kwaya zetu za Mbeya na Iringa mabinti ndio wengi wa waimbaji, na pengine ndio walijuao pigo la kila wimbo kwa ghibu. Walakini yakifika mashauri ya nani aketi penye drams, vijiti huwapita wote hao vikakabidhiwa kijana wa kiume, ijapokuwa yeye ndiyo kwanza anajifunza. Hujja itolewayo ni kwamba ngoma ni kazi ya nguvu, haimwelekei mwanamke. Kwa insafu, hujja hiyo haina mashiko.

Ukivuka bwawa la Mtera ukaingia Ugogo, ngoma za muheme hupigwa na wanawake, wamezibana baina ya magoti, wala hapana mzee wa Kigogo aonaye ajabu. Unguja nako, Fatuma binti Baraka, aliyesifika ulimwenguni kwa jina la Bi Kidude, hakuwa mwimbaji wa taarabu tu, bali kungwi wa unyago na fundi wa msondo, ngoma ndefu aliyoipiga kwa viganja hata katika uzee wake mkubwa. Akatunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, na umauti ukamfika tarehe 17 Aprili 2013.

Huko Marekani, Ruth Underwood, aliyesomea ala za kupigwa katika chuo cha Juilliard mjini New York, aliiacha njia ya okestra akaingia katika bendi ya roki ya Frank Zappa, na katika miaka ya 1970 akapiga marimba, ala ambayo asili yake ni bara letu, kwa wepesi na usahihi uliowastaajabisha mafundi. Sheila E., mpiga ngoma wa hukohuko, naye alilelewa na baba mpiga tumba, Pete Escovedo, hata akaja kuongoza bendi yake mwenyewe. Wote hao, wa Ugogo, wa Unguja na wa ng'ambo, walipata mapema mahali pa kuishika ngoma bila ya kuomba radhi.

Mtazame mpiga drams stadi: mguu wa kulia unakanyaga pedali ya ngoma kubwa, wa kushoto unafumba na kufumbua matoazi mawili, mkono mmoja unahesabu, wa pili unangojea zamu yake juu ya ngoma ndogo, na vyote vinne havigongani. Hapo panatakiwa sikio, subira na saa nyingi za mazoezi. Na saa hizo ndizo tuwanyimazo mabinti, kisha tukawasema kuwa hawawezi.

Nawasihi basi walimu wa kwaya, wazee wa makanisa na wenye bendi: drams zinazokaa zimefunikwa kitambaa juma zima zifunuliwe walau jioni mbili, na binti mwenye shauku aketishwe mbele ya fundi wa kumwelekeza. Asipewe nafasi kwa huruma. Apewe mtihani uleule wa kaka yake, na akimshinda, aketi yeye siku ya ibada.