KUCHAGUA YAYA KUANZIE KWA MWAJIRI

Mwalimu anayefundisha Kilosa akijifungua, sheria humpa likizo ya siku 84, au siku 100 ikiwa amejaliwa watoto zaidi ya mmoja. Siku hizo zikiisha hapana budi arudi darasani, na mtoto mchanga hawezi kungojea nyumbani peke yake mpaka kengele ya mwisho ilie. Hapo ndipo msako wa yaya unapoanza, na mara nyingi huanza vibaya.

Huanza vibaya kwa sababu swali la kwanza ni bei. Baada ya bei hufuata orodha ya sifa: awe mtiifu, asichoke, asiwe na ndugu mjini wa kumtia maneno, tena awe mdogo mdogo ili azoee mapema. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo yenye sumu. Mtoto wa miaka 12 hupendwa na waajiri si kwa kuwa anajua kulea, bali kwa kuwa hajui kudai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikia umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Kumbeba mtoto wa mwenzio mgongoni toka alfajiri hadi usiku, kuteka maji na kufua nepi si kazi nyepesi kwa kipimo chochote.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba waajiri wenyewe ni watu wenye elimu. Mwalimu ndiye mwenye daftari la mahudhurio. Yeye ndiye huandika kila asubuhi kwamba fulani hayupo. Ofisa wa halmashauri ndiye huzunguka vijijini kuwahimiza wazazi waandikishe watoto. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne katika shule za Serikali. Taifa limebeba gharama hizo zote, kisha mtoto yule yule aliyekosekana darasani aonekane jikoni kwa mtumishi wa umma akisugua sufuria!

Wapo watakaojibu kwamba huyo si mfanyakazi, ni mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini asomeshwe. Desturi ya kulea watoto wa ndugu ni njema, na walimu wengi wa leo wasingeshika chaki lau si mjomba au shangazi aliyewapokea. Lakini desturi njema huweza kuvishwa uovu. Atazamwe anayeamka wa kwanza nyumbani na anayelala wa mwisho. Yatazamwe madaftari yake, kama yapo, na mahali anapolia chakula. Kama watoto wa mwenye nyumba wamevaa sare na yeye amevaa kanga iliyochakaa saa mbili asubuhi, jina la undugu halibadili kitu. Huyo ni mtumishi asiyelipwa.

Mikumi iko kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya. Kilosa ina reli ya kati tangu enzi za Wajerumani, na tangu mwaka 2024 treni za umeme zinapita wilayani humo. Kwa hiyo si vigumu kuagiza msichana kutoka mbali kupitia kwa mtu anayelipwa ili amlete. Wapo wanaopendelea hivyo hasa, wakisema atokaye mbali hatoroki. Fikira hiyo ni ya mfungaji mtumwa. Anayefaa kwanza kutafutwa ni binti wa vijiji vya jirani, mwenye miaka 18 au zaidi, aliyemaliza shule, na ambaye wazazi wake na ofisa mtendaji wa kijiji wanajua anakokwenda.

Kusini ya mji wa Kilosa, kwa mfano, kuna Ulaya. Si ile ya ng'ambo, ingawa hata huko ng'ambo kuna la kujifunza: mkataba wa nchi za Ulaya wa mwaka 1969 juu ya vijana wanaoishi na familia na kusaidia kulea watoto ulitaka kuwe na mapatano ya maandishi, kazi isiyozidi saa tano kwa siku kwa kawaida, na angalau siku moja nzima ya mapumziko kila juma. Binti wa Ulaya ya Kilosa hastahili dharau kwa kuwa amezaliwa Ulaya nyingine.

Sheria ya Tanzania nayo haikumsahau. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa juma, na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2013, kilikuwa 40,000. Viwango hivyo hupandishwa, na ni wajibu wa mwajiri kuuliza, si kungoja kuulizwa. Chama cha wafanyakazi wa majumbani, CHODAWU, ndicho pia cha wafanyakazi wa mahoteli na hifadhi. Mhudumu wa hoteli pale Mikumi na yaya wa mwalimu wa Kilosa wanaweza kuwa wanachama wa chama kimoja, lakini ni nadra yaya kuambiwa hivyo.

Itasemwa kwamba mshahara wa mwalimu ni mdogo. Ni kweli. Lakini walimu watatu wanaokaa nyumba za shule wanaweza kumlipa mlezi mmoja mtu mzima vizuri kuliko kila mmoja kumficha mtoto jikoni kwake. Na aliyepatikana aje juma moja au mawili kabla ya likizo ya uzazi kwisha, ili mama aone kwa macho yake jinsi mtoto anavyoshikwa, anavyolishwa na anavyonyamazishwa. Hapo mapatano yaandikwe, na likizo itajwe humo kwa tarehe. Shule hufungwa Juni na Desemba, mwalimu akawa nyumbani na mwanawe. Hakuna sababu ya yaya kukosa kwenda Ulaya kuwaona wazazi wake, mshahara wake ukiwa mkononi.