MUUZA DAGAA NAYE ACHUKUE FOMU



Katika kikao kilichopita lilitajwa jina la mama mmoja anayeuza dagaa na perege hapa sokoni Mtinko, kwamba agombee uongozi wa tawi. Jina lake hatulitaji hapa kwa sababu fomu hajachukua. Kilichofuata wengi mlikisikia. Watu walicheka, na mjumbe mmoja akasema, "Huyo tumwachie jikoni siku ya mkutano mkuu." Mama mwenyewe alikuwepo. Alinyamaza, nasi tukaendelea na ajenda ya kadi.

Ofisi ya Mwenezi haiwezi kuacha jambo hili lipite hivyo.

Mmoja wetu alijaribu kumtetea kwa kumtaja Mama Getrude Mongella. Ni mfano mzuri. Alizaliwa mwaka 1945 Ukerewe, kisiwa cha wavuvi ndani ya Ziwa Victoria. Alikuwa mwalimu, akawa waziri miaka ya 1980, na mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing. Baada ya heshima yote hiyo, mwaka 2000 aliomba kura za jimbo Ukerewe kama mgombea mwingine yeyote, akapewa. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mwaka 2010 wananchi wakamnyima, jimbo likaenda upinzani. Kura ndivyo zilivyo.

Lakini jibu lilikuja papo hapo: "Mongella ni msomi wa Chuo Kikuu. Huyu ni mchuuzi tu."

Basi tumtafute mchuuzi. Tumempata mbali, Indonesia, ila kazi yake mtaitambua.

Susi Pudjiastuti alizaliwa mwaka 1965 Pangandaran, mji wa wavuvi katika kisiwa cha Java. Sekondari hakumaliza. Mwaka 1983, akiwa na mtaji mdogo, alianza kununua samaki kwenye mnada wa wavuvi na kuwauza. Kufikia mwaka 1996 alikuwa na kiwanda cha kusindika mazao ya bahari. Shida yake ilikuwa ile ile ya mama zetu: mali inaharibika njiani. Kambakochi, wale kamba wakubwa wa baharini, walikuwa wakifa kwenye gari kabla ya kufika Jakarta. Akakopa benki, akanunua ndege ndogo. Hiyo ilikuwa mwaka 2004, na Desemba mwaka huo tsunami ikapiga Aceh. Ndege za muuza samaki zikapeleka misaada Meulaboh, na kutokana na safari hizo ikazaliwa kampuni ya usafiri wa anga, Susi Air.

Mwaka 2014 Rais Joko Widodo alimteua kuwa Waziri wa Bahari na Uvuvi. Naye alichekwa: hana cheti, anavuta sigara, ana mchoro mguuni. Yeye akaanza kuzamisha meli zilizokamatwa zikivua kwa wizi, mamia ya meli, nyingi za kigeni. Kisha akapiga marufuku kuuza kambakochi wachanga. Hapa tunaomba msome mara mbili, ndugu zetu. Kambakochi ndio waliomtajirisha. Alijua biashara hiyo inavyokufa wakivuliwa wadogo, kwa kuwa aliishi nayo miaka zaidi ya 20.

Si wote waliompenda. Alipokataza nyavu za kukokota, wavuvi waliozitegemea waliandamana, na njaa ya watoto wao haikuwa ya kubezwa. Na tuseme ukweli wote: yeye aliteuliwa, hakupigiwa kura, wala hakuwa mwanachama wa chama chochote. Mwaka 2018, akiwa bado waziri, alikaa kwenye chumba cha mtihani kutafuta kile cheti cha sekondari.

Sasa turudi kwa mama yetu. Ananunua dagaa wa Mwanza kwa gunia, anauza kwa sado. Msimu wa kulima anakopesha nusu ya kijiji, alizeti na vitunguu vikivunwa anadai, na hatujasikia amegombana na mtu. Sanduku la kikoba chao lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja anao yeye. Daftari lake la madeni lina kila jina na kila shilingi. Hali ya daftari letu la ada tunaijua wenyewe, tusilizungumze zaidi hapa.

Hatusemi achaguliwe kwa sababu ni mwanamke, wala kwa sababu tulimkosea. Akichukua fomu aulizwe maswali magumu kama wengine: ada zitakusanywaje, vijana watarudije kwenye vikao. Asiporidhisha, anyimwe kura.

Kwa niaba ya tawi, ofisi inamwomba radhi mama huyo mbele ya wanachama wote.

Fomu zipo kwa Katibu wa Tawi. Anayehitaji kusaidiwa kujaza aje bila aibu. Kuhusu chakula cha siku ya mkutano mkuu, tunapendekeza kipikwe kwa zamu, na zamu ya kwanza iwe ya wanaume. Mjumbe aliyetoa wazo la jiko tunamwomba aje mapema na kuni.

Kidumu Chama!

Ofisi ya Mwenezi wa Tawi,
Mtinko