Mathare Imewaamini Vijana Wake

Mtaani Mathare, Nairobi, timu ya soka hupata pointi uwanjani, na hupata nyingine kwa koleo na toroli, ikizibua mitaro na kuzoa taka.

Ndivyo chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilivyojijenga tangu 1987. Makocha, marefa na wajumbe wa kamati ni vijana wa mtaa wanaojitolea, na bidii yao huwapatia alama zinazoweza kuwaletea msaada wa karo. Mathare United, iliyozaliwa humo, ilitwaa ubingwa wa Kenya 2008. Kwetu, fahari kubwa zaidi ni kijana kuketi mezani akapanga ligi ya mtaa wake.

Serikali ya kaunti na wafadhili wasituletee kamati kutoka nje. Wawakabidhi wenyeji viti vya uamuzi, pamoja na funguo za stoo ya mipira.