UKUMBI WA MUZIKI: Mpiga Ngoma wa Sekunde Saba



Kila zitolewapo nyimbo mpya za dansi za mtindo wa elektro-fanki na brekibiti, vijana huuliza ni nani aliyeimba. Juma hili Ukumbi wetu wauliza jambo jingine: ni nani aliyepiga ngoma?

Mitindo hii ilizaliwa Marekani. DJ Kool Herc, aliyeanza kuchezesha dansi huko Bronx, New York, mwaka 1973, alitambua kuwa watu huchangamka zaidi pale ala nyingine zinaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Basi akatumia santuri mbili zilizo sawa, akairudia sehemu hiyo fupi kwa zamu. Hii ikiisha, ile yaanza.

Baadaye mashine nazo ziliingia. Roland TR-808, iliyotengenezwa Japani mwaka 1980, ndiyo inayosikika katika “Planet Rock” ya Afrika Bambaataa na Soul Sonic Force, wimbo wa mwaka 1982 ulioifungulia njia elektro-fanki. Lakini wapenzi wa brekibiti hawakuiacha ngoma ya mkono wa binadamu. Waliinakili kutoka katika santuri za zamani.

Miongoni mwa ngoma zilizonakiliwa mno ni ya Gregory Coleman. Mwaka 1969, katika “Amen, Brother” ya bendi ya The Winstons, alipiga ngoma peke yake kwa muda wa sekunde saba hivi. Sekunde hizo zimeingia katika maelfu ya nyimbo, na wengi wamepata fedha kwazo. Coleman hakulipwa hata senti kwa kunakiliwa huko. Alifariki mwaka 2006, fukara asiye na makazi. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga pauni 24,000, wakampa kiongozi wa bendi, Richard Spencer. Mpiga ngoma hakuwapo tena kupokea chochote.

Askari aliyezoea gwaride hahitaji kufundishwa thamani ya mpiga ngoma. Huyo hatoi amri, lakini akikosea yeye, kikosi kizima hupotewa na hatua.

Kwa hiyo wazazi na vijana, chezeni kwa furaha. Lakini mnunuapo wimbo mpya, someni majina yaliyoandikwa, mkamtafute mpiga ngoma. Asipotajwa, ulizeni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.